Kufuatilia setilaiti kwa video: Watec ya mtumba, kamera ya USB au A7S?

Kilimia_Tanga
Wakuu, habari za jioni. Nimechoka kuvizia setilaiti kwa macho na saa ya kubonyeza. Nataka kuzirekodi, nipime imepita wapi kati ya nyota na saa ngapi, kisha nilinganishe na njia iliyotabiriwa. Hela inatosha kitu kimoja tu:

Kamera ya video ya Watec 902H ya mtumba, ile ya analogi, nyeusi na nyeupe. Au kamera ndogo ya USB yenye kihisi cha Sony IMX462. Au Sony A7S ya kwanza, anaiuza shemeji yangu, na mke wangu ameshaipigia hesabu za harusi.

Lenzi ninayo, milimita 50 f/1.4, ya enzi za filamu. Ipi inaona vitu hafifu zaidi? Nawasilisha.

FundiRedio
Mkuu, swali umelishika mkiani. Kituo cha anga za juu cha kimataifa, ISS, kinakwenda karibu kilomita 7.66 kwa sekunde. Saa yako ikikosea sehemu ya kumi ya sekunde, umekikosa kwa mita 766. Kikiwa utosini hiyo ni nyuzi 0.1 hivi, na kwa Watec na lenzi yako ni pikseli kumi. Bila saa ya uhakika utapata video nzuri ya kuwaonyesha watoto, basi.

Kwa hiyo Watec. Inatoa fremu, yaani picha, 25 kwa sekunde, kila fremu ina nusu mbili. Katikati ya waya unaweka kifaa cha kuchapa saa, kama IOTA-VTI, kinachochukua muda wa GPS na kuuandika kwenye kila nusu kwa usahihi wa elfu ya sekunde. Saa imeshagongwa kwenye picha kabla haijafika kwenye kompyuta. Kompyuta ikichelewa, shauri yake.

MamaNyota
FundiRedio, mwenzio kasema hela ya kitu kimoja, wewe umemuuzia viwili! Na bado hujamtajia kadi ya kunasa video.

Watec ninayo, sijutii. Kwa milimita 50 naona nyota za mng'ao wa daraja la 8, hafifu kuliko macho matupu yanavyoona, anga ikiwa safi. Lakini ya mtumba ni bahati nasibu. Ya kwangu ilikuja na pikseli zilizoungua, ziko pale usiku wote kama nyota zisizotembea. Mara ya kwanza nilikaa nusu saa nazitafuta kwenye ramani ya anga.

Halafu Kilimia, angalia upana. Watec na lenzi yako inaona nyuzi 7 kwa 5 na nusu. Ile ya USB kihisi chake ni kidogo zaidi, utapata 6.4 kwa 3.6. ISS ikipita utosini inakatiza upande ule mfupi kwa sekunde tatu na ushee tu. Ukichukua ya USB, tafuta lenzi ya milimita 16 au 25, hiyo ya 50 iweke.

Ngomeni_Boy
Mimi niko Malindi na natumia A7S. Kwa milimita 50 napata karibu nyuzi 39 za upana, sihitaji kulenga kwa wasiwasi. Na huku kwetu muda ni mfupi jamani. Kitu kilicho kilomita 420 juu, kikiwa utosini, kinaingia kwenye kivuli cha dunia saa moja na dakika ishirini hivi baada ya jua kuzama. Walio London mwezi Juni wanaviona usiku kucha, sisi saa mbili usiku nafasi imeshapita. Ukipoteza dakika kumi unahangaika na fokasi, umekula hasara.

Kazi yangu lakini ni tofauti. Nafuata mabaki ya roketi yanayobingirika, yale yanayomulika na kuzima. Nahesabu fremu kutoka mmuliko hadi mmuliko. Hapo saa ya dunia si lazima, mradi fremu zinakwenda sawasawa.

Na kabla hamjaniuliza, Taifa-1, ile setilaiti ndogo ya Kenya, sijaiona wala sitaiona kwa lenzi hii. Ina urefu wa sentimita 30 na kitu. Tunaoishi karibu na jukwaa lililorusha setilaiti ya Uhuru mwaka 1970 tunajifariji kwa historia.

FundiRedio
Hapo kwa kubingirika nakuunga mkono. Ila Kilimia anataka njia, si mmuliko.

Haya, MamaNyota amenibana, natoa ya maskini. Kuna vibao vya GPS aina ya NEO-6M, bei yake haiumi. Kikishapata mawimbi, kitaa chake kinawaka mara moja kila sekunde, mwanzo wa sekunde kamili. Mulika kitaa hicho kwenye ukingo wa lenzi. Sekunde ipi, utaijua kwa saa ya simu. Inaanza lini hasa, utaijua kwa kitaa. Hapo hata USB inafaa.

Tahadhari moja: IMX462 inasoma picha mstari kwa mstari, haiigongi yote kwa pamoja. Setilaiti iliyo juu ya fremu na iliyo chini hazina saa ileile. Kwa fremu 30 kwa sekunde, tofauti inaweza kufika mita 250. Andika namba ya mstari kila unapopima.

Kilimia_Tanga
Wakuu, mrejesho. Nimechukua ya USB na lenzi ya milimita 25. Shemeji kanuna, mke wangu pia.

Kitaa cha GPS kilinishinda usiku wa kwanza, kilikuwa kikali mno, robo ya fremu inakuwa nyeupe. Nikakipaka rangi ya kucha, nyekundu, mipako miwili. Sasa kinatoa wingu dogo tu pembeni. Na kwenye fremu ambayo kinawashwa, sehemu ya juu ina giza na ya chini imeanza kung'aa. Ndiyo ile mistari ya FundiRedio, naiona kwa macho yangu.

Jana nimepata ISS kwa sekunde saba kabla ya wingu. Nimepima fremu 40. Zote zinakubaliana, ila ziko nyuma ya utabiri kwa sekunde 0.3. Nimekosea mimi au data zangu za njia zimechacha? Nilizipakua wiki iliyopita.

MamaNyota
Wiki nzima, kwa ISS? Pakua za leo upime tena fremu zilezile.