Mrejesho: Mafunzo ya ufundi wa majokofu na viyoyozi

Niliwauliza kama anayetaka kuwa fundi wa majokofu na viyoyozi aanze na kozi fupi ya kufunga viyoyozi au mafunzo kamili yanayoanzia umeme na mzunguko wa gesi ya kupoozea. Wengi mlinishauri nichukue mafunzo kamili. Nilifuata ushauri huo, na ninawashukuru kwa dhati.

Faida kubwa nimeiona katika kutafuta chanzo cha hitilafu. Mkufunzi wetu hamruhusu mtu kuongeza gesi kabla ya kupima shinikizo na joto la bomba linalorudi kwenye kompresa, kwa sababu shinikizo dogo linaweza kutokana na uvujaji, lakini pia na kichujio kilichoziba au feni isiyopeleka hewa ya kutosha. Tunapochomelea mabomba ya shaba tunapitisha nitrojeni ndani yake ili magamba ya oksidi yasijitokeze, kisha tunaondoa hewa na unyevu kwa pampu hadi shinikizo lililobaki ndani liwe chini ya mikroni 500 (mikroni ni kipimo cha shinikizo dogo sana). Ni kazi ya polepole, nami naiona kuwa ndiyo moyo wa ufundi huu.

Mliosisitiza usalama mlikuwa sahihi kabisa: gesi ya kupoozea ya R-290 ni propani, inayowaka kwa urahisi, na gesi ya R-32 nayo huwaka, ingawa kwa nguvu ndogo zaidi. Kwa kuwa Marekebisho ya Kigali ya mwaka 2016, ambayo ni makubaliano ya kimataifa, yanapunguza matumizi ya HFC, yaani gesi za kupoozea zinazochangia ongezeko la joto duniani, na nyingi za gesi zinazochukua nafasi yake huwaka, fundi mpya hawezi kuzikwepa gesi zinazowaka.

Bado michoro ya saketi za udhibiti inanipa taabu. Mwenye mazoezi mazuri ya kuisoma, naomba anielekeze.