Mrejesho: Mtoto wa wiki 5 aliyekuwa akikataa titi na kulia kila jioni

Nawashukuru kwa dhati nyote mlionijibu nilipouliza kwa nini binti yetu alikuwa akikataa titi na kulia kila jioni. Nilifuata ushauri wa kutosubiri kilio, ambacho ni dalili ya mwisho ya njaa: sasa anapogeuza kichwa huku na huku, akafungua mdomo na kulamba ngumi yake, namnyonyesha papo hapo, naye hushika titi kwa utulivu. Mume wangu naye amejifunza kwamba mtoto akikwepesha macho na kutanua vidole anaomba kupumzika (hili lilitugusa sana, maana tulidhani mtoto hatupendi sisi). Kilio cha jioni, hata hivyo, hakijaisha. Kumbeba kifuani kwenye mwanga hafifu hukipunguza, lakini siku nyingine hakusaidii kitu.