Napinga vita hivi, na mdogo wangu yuko mstari wa mbele

DadaMkubwa ameuliza:

Habari zenu. Naandika usiku kwa sababu mchana nashindwa kupanga maneno.

Mdogo wangu wa kiume ni mwanajeshi, ana miaka 23. Jeshini aliingia kwa kupenda mwenyewe, hakuna aliyemsukuma, na siku aliyokula kiapo mama alilia kwa furaha. Huu ni mwezi wa saba yuko vitani. Mimi vita hivi navipinga tangu siku ya kwanza. Nimesikiliza hotuba zote, nimesoma kila sababu waliyoitoa, na sijaona hata moja inayostahili maiti moja, iwe ya kwetu au ya kwao. Kwa hiyo kila maandamano yakiitishwa, naenda.

Jumamosi iliyopita binti mmoja alinipa bango wakati tunaanza kutembea. Nilipokea nikaliinua bila kulisoma, kila mtu alikuwa ameinua lake. Mkono ulipochoka nikalishusha, ndipo nikaona maandishi: KILA MVAA GWANDA NI MUUAJI.

Gwanda ninalolijua mimi ni moja. Usiku wa kuamkia safari yake alikuta kifungo kimelegea, cha pili kutoka juu, akaniletea nikishone. Uzi wa rangi ile sikuwa nao. Nikashona kwa mweusi, nikazungusha mara nyingi kuliko inavyohitajika, maana sikutaka kumaliza. Yeye alikuwa amekaa sakafuni anapiga rangi buti zake na hatukusema lolote la maana.

Bango nililigeuza, nikatembea nalo upande mweupe ukiwa mbele hadi mwisho wa safari. Nilijiona msaliti mara mbili.

Nyumbani nako si salama. Mama anasema nikiandamana ninamtemea mate mwanawe. Wenzangu wa maandamano nao wananiambia kama kweli napinga vita, nianze kwa kumkana ndugu yangu hadharani.

Kuna jambo lingine na hili linanitafuna zaidi. Mwezi wa tano alipata likizo ya siku nne. Alikuwa analala chini, karibu na mlango, kitanda kipo. Siku ya tatu nilimuuliza, "Umewahi kuua mtu?" Akaniangalia, akanyanyuka, akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa. Nilisikia maji yakitiririka muda mrefu sana. Tangu arudi kikosini ananijibu neno moja moja: salama, ndiyo, sawa.

Naomba kusikia kwa waliopitia. Naweza kupinga vita kwa nguvu zangu zote nisimpoteze huyu mtoto?

---

Koplo Mstaafu amejibu:

Salaam dada. Nimetumikia jeshi miaka 14. Nimekwenda vitani mara moja, na vita vile leo ukiniuliza nitakwambia havikuwa vya haki. Wakati ule nilikuwa ndani yake sikuwa na nafasi ya kuwaza hivyo. Askari akiwa kwenye doria hawazi hotuba ya mtu yeyote. Anawaza mwenzake wa kushoto na mwenzake wa kulia, na wapi atakanyaga.

Niliporudi nilikuta watu wa aina mbili. Wapo walionipigia makofi na kunitaka nisimulie, kama vile nimetoka mchezoni. Wapo walionikwepa. Waliopiga makofi walichoka baada ya wiki mbili. Hakuna kati ya hao wote aliyeniuliza kama nalala.

Aliyeniuliza ni jirani yangu mmoja, mama mtu mzima, ambaye alivipinga vita vile waziwazi na aliniambia usoni: "Mwanangu, mlipelekwa mahali ambapo hamkupaswa kwenda." Nilikasirika, nikakaa siku kadhaa bila kumsalimu. Lakini ni yeye aliyekuja kukaa na mimi usiku ambao mke wangu alishindwa, na ni yeye aliyenisindikiza kliniki mara ya kwanza, akangoja nje kwenye benchi saa tatu nzima. Hakubadilisha msimamo wake hata siku moja. Aliniambia vita havikuwa vya haki, kisha akaniuliza kama nimemeza dawa. Kwa yule mama hayo yalikuwa mazungumzo mamoja.

Kuhusu lile swali lako: usimuulize tena. Si kwamba ni siri. Ukimuuliza askari kama ameua, umempa milango miwili tu, ajisifu au akiri, na huenda hayuko kwenye mlango wowote kati ya hiyo. Muulize alikuwa na nani. Wanakula saa ngapi. Nani anamchekesha. Akitaka kufika kwenye lile jambo atafika mwenyewe, na siku hiyo wewe nyamaza usikilize, usiwahi kumwambia "haikuwa kosa lako" kabla hajamaliza. Mimi nilikatizwa hivyo na mtu aliyenitakia mema. Ilinichukua miaka kuanza upya.

Na msimwache mama aamini kwamba kulala chini ni uchovu tu. Huenda ni kiwewe, jeraha la akili linaloletwa na vita. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia jeshi la Uingereza liliwapiga risasi askari wake 306 kwa makosa kama utoro na woga, na baadhi yao walikuwa wameshavurugwa akili na mizinga kabla hata ya kushtakiwa. Serikali yao iliwasamehe mwaka 2006. Karibu miaka 90! Marekani nako, madaktari wa akili waliingiza rasmi ugonjwa huu wa kiwewe kwenye mwongozo wao mwaka 1980, vita vya Vietnam vikiwa vimeisha miaka mitano nyuma. Jeraha la aina hii watu huchelewa kuliona, basi ninyi mmeliona mapema.

---

Asiyesahau amejibu:

Dada, pole. Nasema pole kwa moyo mweupe. Lakini naomba na mimi nisikilizwe, kwa sababu niko upande ambao gwanda huja kuugongea mlango.

Nilikuwa na miaka tisa wanajeshi walipoingia kwetu. Sitaeleza yote. Nakumbuka mmoja alikuwa kijana mdogo, na viatu vya shule vya kaka yangu vilikuwa vimepangwa mlangoni, akavisogeza kwa mguu taratibu ili asivikanyage. Kisha akaingia wakafanya walichokuja kufanya. Kwa miaka nimejaribu kuelewa ule mguu.

Kwa hiyo watu wakisema "tuwahurumie askari, walitumwa tu," damu inanichemka. Aliyetumwa naye ana mikono. Huruma ikigeuka kuwa pazia la kufunikia waliouawa, mimi siitaki.

Nitakwambia askari ninayemkumbuka kwa heshima. Tarehe 16 Machi 1968, wanajeshi wa Marekani waliua mamia ya raia wasio na silaha kijijini My Lai, Vietnam, wengi wakiwa wanawake, watoto na wazee. Rubani wa helikopta, Hugh Thompson, aliona kinachoendelea, akaitua helikopta yake kati ya wanajeshi wenzake na wanakijiji waliokuwa wamejificha, akawaamuru vijana wake wawili, Lawrence Colburn na Glenn Andreotta, wawafyatulie risasi Wamarekani wenzao kama wangewashambulia raia wale. Andreotta akashuka kwenye mtaro uliojaa maiti akamtoa mtoto aliye hai. Nyumbani Thompson aliitwa msaliti na kutishiwa maisha. Nishani ya kumtambua kwa alichofanya ilikuja mwaka 1998, miaka 30 baadaye, na Andreotta hakuiona, aliuawa vitani wiki tatu tu baada ya siku ile.

Alivaa gwanda lilelile. Bango lako lingemhesabu na yeye, na hapo mimi pia nasema bango lile ni la uongo. Lakini mdogo wako naye usimhesabu tayari kuwa Thompson kwa kuwa ulimshonea kifungo. Mpende ukijua kwamba hujui.

---

Mwalimu wa Historia amejibu:

Nimesoma ya Asiyesahau mara tatu kabla ya kuandika. Sina la kuongeza pale.

Ninalotaka kumwambia DadaMkubwa ni kwamba hao wanaokutaka uchague hawana historia upande wao. Tarehe 4 Aprili 1967, Martin Luther King alisimama katika kanisa la Riverside, New York, akavilaani vita vya Vietnam kwa maneno makali ambayo hata marafiki zake waliona yamezidi. Katika hotuba hiyohiyo alisema anawahangaikia pia askari wa nchi yake walioko kule, kwa sababu baada ya muda mfupi hugundua kuwa hawapiganii yale waliyoambiwa. Mwaka huohuo maveterani wa vita vile walianzisha chama chao cha kuvipinga, na Aprili 1971 mamia yao walipanga mstari mbele ya jengo la Bunge mjini Washington, kila mmoja akatupa nishani zake juu ya uzio. Wengine walitaja majina ya wenzao waliokufa kabla ya kutupa. Ni nani alikuwa mpinga vita pale na nani askari?

Lakini mtu ninayemfikiria zaidi kwa ajili yako ni mama, na labda mama yako atamwelewa. Käthe Kollwitz alikuwa msanii wa Berlin. Mwaka 1914 mwanawe Peter alikuwa na miaka 18, akataka kujitolea vitani, na kwa umri ule alihitaji ruhusa ya baba. Baba alikataa. Käthe ndiye aliyemwombea kijana hadi baba akakubali. Oktoba mwaka huohuo Peter aliuawa Ubelgiji.

Käthe alianza kuifikiria sanamu ya kaburi la mwanawe mapema sana. Alifanya, akavunja, akaacha, akarudia. Sanamu zilisimamishwa mwaka 1932. Mimi nimeziona kwenye picha tu: baba na mama, wote wamepiga magoti, kila mmoja kwenye jiwe lake. Baba amejikumbatia kwa nguvu kama mtu anayeshikilia kitu kisimwagike. Mama ameinama. Peter mwenyewe hayupo. Hakuna bunduki, bendera wala neno la ushujaa. Leo ziko Vladslo, Ubelgiji, katika makaburi ya askari wa Kijerumani zaidi ya 25,000, na Peter yumo.

Huyo mama aliipinga vita maisha yake yote yaliyobaki, kwa michoro na mabango yake, na hakuona kwamba kumlilia Peter kunampunguzia neno. Mjukuu wake, ambaye naye aliitwa Peter, aliuawa vitani mwaka 1942.

Kama mama yako anaangalia picha kwenye simu, mwonyeshe hizo sanamu. Usimwambie chochote kwanza.

---

DadaMkubwa amejibu:

Nimerudi baada ya siku tano. Asanteni.

Asiyesahau, maneno yako "mpende ukijua kwamba hujui" nimeyaandika kwenye karatasi. Yaliniuma, na najua kwa nini yaliniuma. Nilikuwa nataka mtu anihakikishie kwamba mdogo wangu ni mwema ili nipate ruhusa ya kumpenda. Samahani kwa yaliyokupata. Sitashika tena bango ambalo halijui tofauti, na sitakaa meza moja na mtu anayesema waliouawa ni bahati mbaya ya vita. Yote mawili nimeshawaambia wenzangu. Wawili wamekasirika, mmoja amenipa kalamu akaniambia niandike la kwangu. Nimeandika majina ya vijiji vilivyopigwa mwezi huu, na chini yake: WARUDISHENI WAWE HAI. Jumamosi tunatoka tena.

Mama nilimwonyesha zile sanamu. Alikuza picha ya yule mama kwa vidole viwili, akaangalia sana, akauliza, "Mtoto mwenyewe yuko wapi?" Nikamwambia hayupo. Akarudisha simu. Bado hataki niandamane, ila juzi aliniuliza tunamaliza saa ngapi.

Mdogo wangu nilimwandikia kila kitu. Kwamba naandamana, kwa nini naandamana, bango lilisemaje na kwamba nililigeuza. Niliomba radhi kwa lile swali. Kisha nikamuuliza analala kitanda cha ngapi na jirani yake ni nani. Alikaa kimya siku mbili, nikajua nimemkosa. Leo alfajiri ameniandikia mistari mingi kuliko yote ya miezi saba. Kuhusu maandamano amesema tu kwamba amesoma. Zilizobaki zote ni habari za huyo jirani wa kitanda. Anasema jirani hasinzii, anahesabu risasi usiku kucha kwa vidole, na anaogopa kwenda kwa daktari wa kikosi kwa sababu itaandikwa kwenye faili lake na wenzake watajua. Anauliza kama mimi najua njia.

Sijui kama kweli ni jirani. Sikumuuliza.

Koplo Mstaafu, uko hapo? Nimjibu nini?

---

Koplo Mstaafu amejibu:

Nipo dada. Endelea kumwita jirani, kama anavyomwita yeye. Muulize kwanza hili moja: huyo jirani hapati usingizi kabisa, au anaupata kisha anashtuka? Akijibu niandikie hapa, saa yoyote.