Tupeane uzoefu: ni kitu gani ulikiona kwa macho yako kikakuokoa na wezi?

Mkesha:
Wakuu habari za jioni. Jirani yangu leo kafuatwa toka benki mpaka mtaani kwetu, vijana wawili juu ya pikipiki, hawana papara, akipunguza mwendo nao wanapunguza. Alishawaona tangu kwenye taa za barabarani, sasa alipowaona tena kwenye kona ya kuingia kwetu akapita geti lake kama vile hapajui, akanyoosha moja kwa moja mpaka polisi. Walipogundua anakoelekea wakageuza. Wakati anatuhadithia mikono bado ilikuwa inamtetemeka.

Imenikumbusha mengi na najua kila mtu hapa ana lake. Tupeane uzoefu jamani, ila naomba tusiishie kwenye "kuwa makini". Kila siku tunaambiwa tuwe makini, hakuna anayetuambia tuangalie nini. Wewe uliona NINI? Kiatu, kufuli, sauti, chochote. Kuna mtu atasoma leo na kesho kikamfaa.

Dereva Usiku:
Huyo jirani yako ana akili sana. Ukihisi gari linakufuata kata kulia, kulia tena, kulia, kulia, unajikuta pale pale ulipoanzia. Mwenye safari zake hawezi kuzunguka hivyo na wewe. Akiwa bado yuko nyuma USIENDE nyumbani, nenda penye mwanga na watu. Na ukisimama kwenye foleni usimgande wa mbele, acha nafasi ya kuona matairi yake yanavyokanyaga lami, hapo unaweza kuchomoka bila kurudi nyuma hata sentimita moja.

Halafu ukifunga gari kwa rimoti vuta kitasa cha mlango kwa mkono. Kuna watu wana kidude cha kuzuia mawimbi ya rimoti, wewe unabonyeza huku unatembea unajua umefunga, kumbe gari liko wazi.

Mama Wawili:
Hiyo ya kitasa ni kweli tupu, mimi sasa hivi siondoki mpaka nivute.

Dirisha Namba Tatu:
Nimefanya kazi benki miaka mingi, kaunta. Anayekuchora huwa yuko ndani, wa pikipiki ni wa kupigiwa simu tu. Mtamuona kakaa, ana fomu mkononi anajaza haimaliziki, foleni haingii, macho yake yako kwenye mikono ya watu wanaopokea. Ukimuona mwambie mlinzi, ni haki yako. Na kama unachukua pesa nyingi omba kuhesabiwa chumba cha ndani, usione haya, huduma hiyo ipo.

Kipepeo:
Mimi nilifundishwa usihesabu pesa mbele ya watu kabisa, weka mfukoni ondoka.

Dirisha Namba Tatu:
@Kipepeo ukiondoka bila kuhesabu na ikapungua utamwambia nani? Hesabu pale pale, ila kwa kujificha. Na kwenye mashine ya kutolea pesa ziba vidole kwa mkono wa pili hata kama uko peke yako, kwa sababu kamera ndogo inaweza kubandikwa juu ya vitufe. Kadi ikinasa, yule mtu mwema atakayetokea ghafla kukwambia "ingiza namba ya siri tena itatoka", mara nyingi ndiye aliyeweka mtego. Simama hapo hapo, piga simu benki kwa namba iliyo nyuma ya kadi (ihifadhi kwenye simu, maana kadi yenyewe iko ndani ya mashine) waizuie.

Bi Salama:
Ngoja na mimi niseme langu maana huwa nalinyamazia.

Nilikuwa nimepanga nyumba ndogo, mlango wa mbele wa mbao una komeo la nje, nikitoka naweka kufuli. Kufuli langu lilikuwa la zamani, mtoto alilipaka rangi ya kucha nyekundu pembeni kidogo, na hiyo rangi ndiyo nashukuru Mungu mpaka leo. Siku hiyo nimerudi giza limeshaingia, natoa funguo, nasukuma, haiingii. Najaribu tena haiingii. Nikawasha tochi ya simu nikaliangalia kufuli vizuri, linafanana na langu saizi ile ile rangi ile ile ya shaba, lakini jipya na halina rangi ya kucha.

Nikasimama. Unajua akili inavyotafuta sababu ya kukutuliza, nikaanza kufikiri labda mwenye nyumba kabadilisha, labda mdogo wangu kapita. Sasa wakati bado nimesimama nikasikia huko ndani droo inavutwa. Droo ya kabati langu ina mlio wake, huwa inakwama katikati halafu inatoa kelele. Nikaielewa hapo hapo. Walikata kufuli langu, wakaingia, mwenzao aliyebaki nje akawafungia kwa kufuli lao ili mpita njia akiona aone mlango umefungwa kama kawaida. Maana yake yule wa nje yupo hapa hapa ananiona!

Sikugeuza kichwa. Nikaweka simu sikioni nikaongea kwa sauti kama naongea na mtu, "aah Baba Zai nimesahau dawa ya mtoto, narudi kuichukua, dakika kumi," nikaanza kutembea. Ng'ambo ya njia kuna kijana kakaa kwenye jiwe kainamia simu. Kioo chake kilikuwa hakiwaki. Anaangalia simu iliyozima.

Nakuja kuendelea mtoto analia.

Kipepeo:
Duh!!! Bi Salama usituache hivyo

Mama Wawili:
Mwili wote umenisisimka. Kufuli la kubadilishwa sijawahi hata kuliwaza.

Ngumi Jiwe:
Mimi ningechukua chuma nikasimama mlangoni nikawangoja watoke mmoja mmoja. Watu wamezoea kukimbia ndiyo maana wezi wamekuwa na kiburi.

Mstaafu wa Lindo:
@Ngumi Jiwe kijana, nimekuwa askari maisha yangu yote ya kazi. Walio ndani wanajua wako wangapi na wana nini mkononi, wewe wa nje hujui lolote. Na bado kuna mwenzao nyuma ya mgongo wako. Nimewabeba wengi waliosimama mlangoni na chuma.

Ngumi Jiwe:
Sawa mzee wangu, shikamoo, lakini tukisema kila siku tukimbie nyumba zetu tutawaachia nani? Mimi nina wazazi ndani. Siwezi kwenda kutafuta msaada wao wako humo na majambazi.

Mstaafu wa Lindo:
Marahaba. Kama kuna mtu wako ndani hesabu inabadilika, hilo nakubali. Nyumba ikiwa tupu hakuna cha kufia. Televisheni haina mjane.

Tulizo:
Naungana na mzee.

Dereva Usiku:
Mimi niko na Ngumi hapa, kuna wakati lazima wajue mtaa una watu.

Msomi wa Mtaa:
Mkisubiri Bi Salama arudi niwape kitu tulichosoma. Mwaka 1979 Wamarekani wawili, Lawrence Cohen na Marcus Felson, walieleza kwamba wizi unahitaji vitu vitatu vikutane mahali pamoja kwa wakati mmoja: mtu mwenye nia, kitu kinachobebeka, na kukosekana kwa mtu wa kukilinda. Ukiondoa kimoja wizi haufanyiki. Walikuwa wanajiuliza kwa nini uhalifu kwao uliongezeka baada ya Vita Kuu ya Pili wakati maisha yalikuwa yanaboreka, wakaona watu wengi sasa wanashinda makazini, nyumba mchana zinabaki tupu, na vyombo vya umeme vimekuwa vyepesi kubeba. Sasa nia ya mwizi huwezi kuiondoa wewe. Lakini huyo wa kulinda si lazima awe askari, hata jirani anayekaa barazani na kuuliza "wewe unamtafuta nani?" ni mlinzi tosha.

Mama Wawili:
Hapo kwa jirani umemaliza. Sisi tuna bibi mmoja mtaani hakuna mgeni anayepita bila kuulizwa, watu wanamuona mbea, mimi namwombea maisha marefu.

Bi Salama:
Nimerudi, samahanini. Nikatembea taratibu mpaka kona, nilipokata tu nikakimbia nyumba ya tatu kwa mzee mmoja nikampigia mlango kama naubomoa. Vijana wake wakataka kwenda, yeye akawazuia, wakaita polisi na kuwaamsha majirani, watu wakajaa pande zote mbili za njia kwa mbali. Wa kwenye jiwe alipoona watu wanatoka akapotea. Lakini hao wa ndani walikuwa wamefungiwa na kufuli lao wenyewe, dirisha lina nondo, na mlango wa nyuma niliuzuia kabati zito. Polisi walipofika walikuwa wawili, vitu vyangu wamefunga kwenye shuka zangu.

Kilichoniumiza zaidi ni maelezo yao. Walisema walishajua kwamba taa ya sebuleni kwangu ikiwa haijawaka maana yake hakuna mtu, kwa sababu kila siku nikifika jambo la kwanza nawasha ile taa. Yaani walijua mpaka tabia ya mkono wangu ukutani. Sasa hivi nina soketi yenye saa, taa inawaka yenyewe jioni niwepo nisiwepo.

Kipepeo:
Mungu ni mwema dada. Pole sana.

Fundi Vitasa:
Bi Salama pole, na hiyo ya kufuli la kubadilisha ipo kweli. Kila mtu aweke alama kwenye kufuli lake, mkwaruzo, rangi, chochote unachokijua wewe.

Niongeze kwa jicho la fundi. Watu wananunua kufuli zito la gharama halafu linaning'inia kwenye komeo lililofungwa kwa skrubu fupi nne ambazo vichwa vyake viko nje vinaonekana. Mwizi anakuja na bisibisi, anafungua skrubu nne, komeo linadondoka na kufuli lake likiwa bado limefungwa vizuri. Komeo liwe lile ambalo likishafungwa linafunika skrubu zake, au tumia bolti zinazopenya mbao na nati iwe ndani. Angalia na bawaba, kama mlango unafungukia nje na pini za bawaba ziko nje, kitasa hata kiwe cha namna gani hakisaidii.

Na ukiibiwa badilisha kitasa siku hiyo hiyo. Nyumba iliyoibiwa hurudiwa, wameshaijua njia na wanajua utanunua vitu vipya.

Msomi wa Mtaa:
Hilo la kurudiwa ni kweli kabisa, limetafitiwa nchi nyingi, na hatari ni kubwa zaidi wiki za mwanzo.

Tulizo:
Wengine hatuibiwi kwa mlango jamani, simu ndiyo mlango. Kaka yangu laini yake ilipoteza mtandao ghafla akiwa mahali ambapo wenzake wote wana mtandao. Akadhani ni kawaida. Kumbe kuna mtu kashasajili namba yake kwenye laini nyingine, ujumbe wa benki wenye namba za uthibitisho unaenda kwa huyo mtu. Laini ikikufa bila sababu azima simu ya mwenzako muda huo huo, piga benki kwanza, halafu mtandao wako.

Kipepeo:
Na wale wa "nimekosea kutuma, nirudishie" wasisahaulike. Ujumbe sio pesa. Angalia SALIO.

Mama Wawili:
Siku hizi wanaiga mpaka sauti ya mtoto wako akilia kwamba kapata ajali. Sisi tumekubaliana neno moja la familia, anayepiga anaomba pesa lazima aliseme. Wanangu wanalijua, hata mama yangu kalishika.

Ngumi Jiwe:
Swali kwa wote, ukivamiwa njiani upige kelele za mwizi au za moto? Nasikia ukisema mwizi watu wanajifungia ndani, ukisema moto wanatoka.

Dereva Usiku:
Moto. Kila mtu anaogopa kuunguliwa.

Tulizo:
Ukisema moto watakuja na ndoo za maji wakute una kisu shingoni, itawasaidia nini?

Mstaafu wa Lindo:
Na ukisema mwizi kwenye watu wengi wanaweza kumpiga asiye mwizi mpaka afe. Nimeyaona hayo, familia ya yule mtu sitaisahau. Taja jina la jirani: "Mama fulani nisaidie!" Anayetajwa kwa jina hawezi kujidai hajasikia.

Akiwa na silaha mpe anachotaka, kirushe upande mmoja wewe kimbilia upande mwingine. Na jua kwamba macho yatataka kuganda kwenye silaha, ndiyo maana waathirika wengi wanaeleza bastola vizuri sana na uso hawaukumbuki. Jilazimishe uangalie viatu, mwendo, kovu, mkono anaotumia. Shati atalibadilisha kona ya kwanza, viatu mara chache. Aliyechomwa kisu na kisu kikabaki mwilini msikichomoe, kizungushieni nguo kisicheze, mkimbizeni hospitali.

Binti Zamu:
Asanteni sana, mimi natoka zamu usiku nimesoma yote. Watu wananiambia niache kazi au nisivae hivi, leo ndiyo napata maneno ya maana. Simu iliyoibiwa je, kuna cha kufanya?

Tulizo:
Bonyeza *#06# sasa hivi, itatokea namba ya tarakimu 15, iandike kwenye daftari nyumbani. Polisi na mtandao wataitaka. Na weka namba ya siri kwenye laini yenyewe pia, maana mwizi anaweza kuichomoa akaiweka kwenye simu nyingine na ujumbe wako wote ukaingia kwake.

Binti Zamu:
Nimeshaandika. @Fundi Vitasa mimi nimepanga, na sijui waliokaa kabla yangu wangapi wana funguo. Mwenye nyumba hataki mlango uguswe.

Fundi Vitasa:
Usiguse mlango. Kama ni kitasa cha silinda, ubavuni mwa mlango usawa wa silinda kuna skrubu moja ndefu. Itoe, ingiza funguo zungusha kidogo tu, silinda inachomoka nzima. Pima toka tundu la skrubu mpaka kila ncha, pande mbili zinaweza zisiwe sawa, nenda dukani na hiyo ya zamani mkononi wakupe saizi ile ile. Ya zamani itunze, ukihama unairudisha na mwenye nyumba hana cha kudai. Ukikwama piga picha ya huo ubavu wa mlango uiweke hapa, nitakuelekeza.

Binti Zamu:
Naipiga sasa hivi.