Msamaha, kinga au kuachiwa huru? Tangazo la mwaloni linatugombanisha

Kasia_Bovu (Igombe)
Wakuu, habari za jioni. Naombeni ushauri. Tunaandaa tangazo la kubandika mwaloni, pale mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga: mvuvi atakayesalimisha timba au kokoro (nyavu zilizokatazwa) ndani ya siku 14 hapelekwi mahakamani. Mimi niliandika "atapewa kinga". Katibu wa BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo) kakata, kaweka "ataachiwa huru". Mwenyekiti anataka "msamaha". Lipi ni lipi?

Karani_Mstaafu
Mwenyekiti yuko karibu zaidi. Kinga hutangulia kosa, kama beseni unalotega chini ya paa mvua haijaanza. Ndiyo maana Ibara ya 46 ya Katiba ya Tanzania inazungumzia kinga ya Rais dhidi ya mashtaka. Ukimwandikia mvuvi "kinga", ataelewa kwamba siku zote 14 ni ruksa kukokota, kokoro alilete siku ya mwisho jioni. Na utamlaumu kwa lipi? Karatasi yenyewe ndiyo imesema.

"Kuachiwa huru" ni neno la hakimu: mtu kashtakiwa, kaonekana hana hatia au hana kesi ya kujibu. Hapo kwenu hata jalada halijafunguliwa.

Sangara_Mzima
Niongezee kwenye kuachiwa, maana magazeti yanalichezea sana. DPP (Mkurugenzi wa Mashtaka) akiondoa shauri, mshtakiwa ameachiwa tu. Anaweza kushtakiwa tena baadaye kwa kosa lilelile. Aliyeachiwa *huru* hashtakiwi upya kwa kosa hilo. Upande wa mashtaka usiporidhika, ukate rufaa.

Vilevile kila 9 Desemba utasoma "wafungwa waachiwa huru Butimba", lile gereza la Mwanza. Hapana, wamesamehewa. Ibara ya 45 inampa Rais mambo manne: kusamehe, kwa masharti au bila masharti; kumwachilia mtu kabisa au kwa muda asitumikie adhabu; kubadilisha adhabu iwe tahafifu, yaani nyepesi; kufuta adhabu yote au sehemu yake. Aliyepunguziwa miezi kadhaa anaweza kuwa bado yuko ndani anakula ugali wa serikali. Kutengua hatia ni kazi ya mahakama ya juu, kwa rufaa.

Dagaa_Mkavu
Msisahau kufifilisha kosa, watu wa uvuvi wanalijua: unakiri kwa maandishi, unalipa, kesi haifiki kortini. Usiite msamaha, umelipa. Na kifungo cha nje si kifungo cha gerezani, jina linadanganya.

Kasia_Bovu
Asanteni. Na wale wanaotupa timba kila usiku na hawaguswi, wao wana nini?

Dagaa_Mkavu
Wana mtu 😂

Karani_Mstaafu
Kwa lugha ya ripoti ni "ukwepaji wa adhabu" au "kutowajibishwa". Usiite kinga, kinga ina kifungu cha sheria unachoweza kukifungua ukakisoma.

Tangazo liandike hivi: "Atakayesalimisha mwenyewe timba au kokoro kwa ofisa uvuvi, kuanzia tarehe … hadi tarehe … saa 10 jioni, hatashtakiwa kwa kumiliki zana hiyo. Msamaha huu haumhusu atakayekamatwa akivua nayo."

Usithubutu kuandika "makosa yote". Mwenye sangara wa chini ya sentimita 50 mtumbwini atakuonyesha karatasi hiyohiyo.

Kubwa zaidi ni saini. BMU haiwezi kuahidi kwamba mtu hatashtakiwa; mashtaka yako chini ya DPP, Ibara ya 59B. Pateni kwanza barua ya ofisa uvuvi wa wilaya inayoonyesha kibali kimetoka wapi, namba yake ya kumbukumbu iwe juu ya tangazo. Halafu stakabadhi ya kupokea, nakala mbili: jina, aina ya zana, idadi ya vipande, tarehe, saini za pande zote. Bila hiyo, mvuvi akiulizwa mwezi ujao hana cha kuonyesha.

Sangara_Mzima
Mkuu Karani, "zana hiyo" au "zana hizo"?

Karani_Mstaafu
Umenikamata. "Zana hizo", na mwishoni "akivua nazo". Mwenye vipande sita asije akasamehewa kimoja.