Tupeane uzoefu: mtoto aliyechelewa kutambaa, na asiyetaka umwache hata dakika

Mama Pekee
Nimetoka kliniki leo moyo umevurugika. Mwanangu ana miezi 11 na hatambai. Anakaa vizuri, anajisogeza kwa makalio, ukimshika mikono anasimama, ila kupiga magoti atambae hataki kabisa. Pale kwenye benchi mama mwenye mtoto wa miezi 8 aliyekuwa anatambaa huku na huku akaniuliza, "Huyu wako ana shida gani?" Nikakosa jibu. Nimefika nyumbani nimemweka chini, njuga nikaiweka mbali kidogo. Akaiangalia, akaniangalia mimi, akanyoosha mkono nimpe. Halafu kuna la pili: nikiingia chooni tu analia kama nimehama nyumba. Mliopitia haya semeni, usiku huu silali.

Baba Pacha
Wangu mmoja alitembea na miezi 10, mwenzake na miezi 15. Tumbo moja, nyumba moja, maziwa yale yale. Sasa hivi huwezi kujua nani alitangulia.

Mama wa Watatu
Wa pili wangu hakutambaa hata siku moja. Makalio, kisha dede, kisha akaondoka. Lala mama.

Nesi wa Watoto
Mama Pekee, pole kwa lile swali la benchi. Hebu shika hili. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya kufuatilia watoto 816 wenye afya njema katika nchi 5: Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Kukaa bila kuegemea kulikuja popote kati ya karibu miezi 4 na miezi 9. Kutambaa kwa mikono na magoti, miezi 5 hadi 13 na nusu. Kutembea peke yake, miezi 8 hadi 17 na nusu. Na watoto kama 4 katika kila 100 hawakutambaa hivyo kabisa, wakapita moja kwa moja kwenye kusimama. Kwa hiyo wako bado yuko ndani ya muda.
Mimi kazini nashtuka nikiona mengine: mtoto anatumia mkono mmoja tu kabla ya mwaka, mwili umelegea au umekakamaa, miezi 18 imefika hatembei. Na zaidi ya yote, mtoto aliyekuwa anaweza jambo kisha akaliacha. Huyo usisubiri wiki, mpeleke. Halafu hilo la kunyoosha mkono huku anakuangalia usilipite haraka, mama. Ameomba. Amejua wewe ndiye mtu wa kuombwa.

Bibi wa Wajukuu Saba
Mtieni kwenye kile kigari cha magurudumu, wiki mbili miguu inapata nguvu. Mambo ya kuhesabu miezi ndiyo yanawatia wazazi wa siku hizi presha.

Nesi wa Watoto
Bibi, shikamoo. Kwa heshima zote, kigari hapana. Mtoto anasukuma kwa ncha za vidole, haoni miguu yake, hajifunzi kujizuia asianguke. Kanada walipiga marufuku kuviuza tangu 2004 kwa sababu ya watoto kuporomoka nacho kwenye ngazi.

Bibi wa Wajukuu Saba
Marahaba. Nimelea sita kwa kigari, wote wana miguu.

Baba Pacha
Bibi, wangu mmoja aliporomoka ngazi tatu nacho. Nilikuwa hatua mbili nyuma yake na sikumuwahi. Kile kigari nilikivunja siku ile ile kwa mikono yangu.

Bibi wa Wajukuu Saba
Hilo sikulijua mwanangu. Pole. Basi mwacheni chini kwenye mkeka.

Mama Njiti
Wenye njiti, msisahau kuhesabu kuanzia tarehe aliyopaswa kuzaliwa. Wangu alikuja wiki ya 30. Kwenye miezi 9 nilikuwa nalia kwamba hakai, kumbe nilitakiwa kumpima kama wa miezi 6 na nusu hivi. Daktari alituambia tuhesabu hivyo mpaka afikishe miaka 2.

Mama Sikio
Jina nimejipa kwa sababu. Nyie mnaangalia miguu, mimi nilidanganywa na miguu. Wangu alitembea na miezi 11, tukashangilia. Alipokuwa mdogo alikuwa anaguguma "aguu" kama wenzake. Nikangoja "ba-ba-ba" na "da-da-da". Miezi 9 kimya, miezi 10 kimya. Kila mtu: wavulana huchelewa kusema. Siku moja mfuniko wa sufuria ukaniponyoka nyuma yake, ukapiga sakafu mpaka mimi mwenyewe nikaruka. Yeye hakugeuka. Aliendelea kuzungusha kikombe chake. Nilikaa pale pale sakafuni. Alipata vifaa vya kusaidia kusikia akiwa na miezi 14. Ilikuwa mapema, nashukuru, lakini ile miezi minne ya "huchelewa" bado inaniuma.

Mama wa Watatu
Nimekwenda kupiga makofi nyuma ya mwanangu. Amegeuka. Asante.

Baba Nyumbani
Kuhusu kulia ukienda chooni: mnawadekeza. Mwache alie, atazoea.

Mama Njiti
Atazoea nini? Kwamba akiita hakuna mtu?

Baba Nyumbani
Sijasema umtupe. Nimesema usikimbie kila akifungua mdomo.

Nesi wa Watoto
Kuanzia kama miezi 8 mtoto anajua kwamba ukitoka mlangoni bado upo mahali fulani, ila hajui utarudi lini. Ndiyo maana analia sana kati ya miezi 10 na 18. Hapo hadeki, akili imekua. Mary Ainsworth, mtafiti wa saikolojia ya watoto, alikaa Uganda mwaka 1954 na 1955 akitembelea familia 26 nyumbani kwao, akaona mtoto anavyomtumia mama kama kituo: anakwenda kuchungulia dunia, anarudi kugusa goti, anakwenda tena.

Mama wa Watatu
Mimi naenda naye chooni, yamekwisha.

Baba Pacha
Toroka akiwa anacheza, asikuone.

Mama Njiti
Usitoroke! Mwage, mwambie unarudi, kisha urudi kweli. Ukitoroka ataanza kukulinda kama askari.

Mama Aliyelazwa
Nilikuwa nasoma tu. Neno "kutoroka" limenifungua.
Wangu alikuwa na miezi 13 nilipolazwa. Wiki 6. Wodi ile haikuruhusu watoto, na mimi nilikubali, nilikuwa sijiwezi. Alibaki na mdogo wangu, aliyemlea vizuri sana, sina neno naye. Kitandani nilikuwa najipanga: nikifika nitapiga magoti, atanikimbilia, alikuwa ndiyo kwanza anatembea.
Nilifika jioni. Nikapiga magoti mlangoni, nikamwita. Akanitazama. Uso haukubadilika, hakucheka, hakulia. Kisha akageuza kichwa pole pole kama mtu aliyeona ukuta, akaenda kushika sketi ya mamake mdogo. Nikamfuata, nikambeba. Hakunikataa, na hilo ndilo liliniua zaidi: mikono yake ilining'inia tu, anaangalia dirishani. Mdogo wangu alianza kulia kabla yangu.
Siku mbili hivyo. Siku ya tatu nikampokonya kijiko, akanipiga usoni, akapiga tena, akalia kilio ambacho sijawahi kukisikia kwake, halafu akaing'ang'ania shingo yangu saa nzima. Baada ya hapo hakuniachia. Usiku aliamka anapapasa uso wangu gizani, pua, mdomo, kisha analala.

Mama Pekee
Nimesahau kutambaa. Pole sana dada.

Baba Nyumbani
Pole mama. Labda alikuwa amekusahau tu, mwaka mmoja ni mdogo.

Nesi wa Watoto
Hapana, hakusahau. Mtoto hampigi mgeni namna ile. James Robertson, mtafiti wa mambo ya watoto, aliwatazama watoto waliotengwa na mama zao hospitalini, akaona hatua hizo hizo: kwanza anapinga kwa kilio, kisha anakata tamaa, kisha anajifunga kama hajali. Watu wazima wakadhani ametulia. Yale makofi, mama, yalikuwa mlango unafunguka.

Baba Nyumbani
Nimeelewa. Nimetoka kumbeba wangu sasa hivi.

Mama Njiti
Mama Aliyelazwa, alichukua muda gani kukuita tena?

Mama Aliyelazwa
Siku ya 11. Nilikuwa chooni, nimefunga mlango. Akagonga kwa kiganja, "Mama." Nikatoka na sabuni mikononi.