Karakana ya vyuma: mpango wa kuzuia ajali uanzie wapi?

Swali: Habari zenu. Tuna karakana ya kuchomelea vyuma hapa Kenya, wafanyakazi 24. Tuanze na nini?

Jibu: Kwa Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, penye watu 20 au zaidi lazima kuwe na kamati ya usalama, na ukaguzi kila miezi 12. Lakini tembeeni kwanza na mafundi, mashine kwa mashine.

Jibu: Grainda (mashine ya diski ya kukata na kusaga chuma) kwanza, tafadhali! Diski ya milimita 230 kwa kawaida huhimili mizunguko 6,650 kwa dakika. Wengine hutoa kinga, kile kifuniko cha diski, ili waifunge kwenye grainda ndogo ya mizunguko 11,000, inapasuka usoni. Kinga isitolewe kamwe.

Jibu: Na mabomba yaliyopakwa zinki. Moshi wake huleta homa jioni. Ondoeni zinki kwenye kiungo, chomeleeni penye hewa. Barakoa ya kitambaa haizuii moshi huo.